Mwenye Kujua Aondoe Mkono

Katika masomo yanayofundishwa siku hizi, ni machache yanayomvunja moyo mwanafunzi upesi kama kuandika programu za kompyuta. Si kwamba ni gumu kuliko Hesabu, bali mashine haina msamaha. Mwalimu akiona umesahau nukta hukukata alama moja akaendelea kusoma. Kompyuta ikikosa bano moja hukataa kazi nzima. Mwanafunzi mgeni hudhani yeye ni mjinga, kumbe amesahau alama tu.

Hapo huomba msaada, na hapo ndipo aghalabu tunapomwangusha. Mwenzake anayejua humwambia, "Sogea," akashika kibodi, akagonga mara tatu, programu ikaenda. Wote hufurahi. Lakini yule mgeni amejifunza nini? Amejifunza kwamba fulani anajua. Na penye kompyuta moja kwa wanafunzi wengi, desturi hiyo huwafanya wawili watatu kuwa mafundi, na wengine wote, hasa wale wapole, huwa watazamaji mpaka siku ya mtihani.

Maoni yangu ni haya: anayesaidia asiguse kibodi. Aulize maswali matatu. Ulitaka mashine ifanye nini? Imefanya nini? Imesema kosa liko mstari wa ngapi? Mara nyingi mwenye shida huona jawabu kabla hajamaliza kujibu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anatumia Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Programu yake yauliza idadi ya mizinga ya nyuki, kisha yazidisha kwa 2 ili kupata madebe ya asali. Anaandika 12, akitazamia 24. Mashine yajibu 1212. Ukimsahihishia wewe, atapona leo na kesho ataugua tena. Ukimwuliza, "Mbona 12 imeandikwa mara mbili?" atatambua mwenyewe kwamba mashine imeipokea kama maandishi, wala si kama hesabu, hivyo yapasa kwanza aigeuze iwe namba. Ndivyo yalivyo makosa mengine ya kila siku. "Jumla" na "jumla" kwa mashine ni majina mawili. Alama moja ya sawasawa huweka thamani, mbili hulinganisha. Na pengine mstari uliotajwa hauna kosa lo lote. Kosa limo katika ule wa juu yake, ambamo mabano hayakufungwa.

Wako watakaosema kwamba vipindi ni vifupi, umeme hukatika, na mashine hueleza makosa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini umeme ukikatika, karatasi haizimiki. Programu ya mistari kumi yaweza kufuatwa kwa kalamu, mstari baada ya mstari, thamani ya kila jina ikiandikwa pembeni. Na maneno ya makosa ni machache yanayojirudia. Darasa laweza kuyafasiri na kuyabandika ukutani. Tena kila mmoja awe na daftari la makosa yake. Mwaka 1947 mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo ndani ya mashine yao. Hawakumtupa, walimbandika katika daftari la kazi na kuandika habari yake.

Walimu wetu twawaomba watoe alama kwa aliyeeleza kosa lake na jinsi alivyolipata, si kwa programu inayokwenda tu, kwani hiyo yaweza kunakiliwa. Wazazi nao wasimwone mtoto aliyeinamia mistari kumi saa nzima kuwa ni mvivu, yuko kazini.

Sisi wa Igalula tumekaa katika nchi ya misafara. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani kwa miguu, kila mtu na mzigo wake wa yapata frasila mbili. Mbele alitangulia kirongozi, aliyejua njia, maji na kambi. Lakini hakubeba mizigo ya msafara mzima, wala hangeweza. Basi wenzangu mnaojua, tangulieni mtuonyeshe njia. Mzigo uacheni begani mwa mwenyewe.