Kijana, usifute mzigo uliokwisha kuubeba

Jumanne iliyopita kijana mmoja alinikabidhi flashi, akaomba nimtolee wasifu wake nakala tatu. Nina duka la stesheneri hapa Tabora, si mbali na stesheni ya reli. Natoa kopi, naskani, naprinti, na siku hizi nusu ya kazi yangu ni kuwasaidia vijana kujisajili kwenye Ajira Portal. Kabla ya duka nilikuwa mhazili. Nilisomea hapahapa, Chuo cha Uhazili, enzi za taipureta, na mazoea ya mhazili hayafi: karatasi ikipita mkononi mwangu lazima niisome.

Nikausoma. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, shahada ya ununuzi na ugavi. Halafu sentensi ile ambayo naiprinti mara kumi kwa siku, kwamba mwombaji ni mchapakazi, mwaminifu na hahitaji kusimamiwa. Halafu mambo anayopenda: kusoma vitabu, kutazama mpira, kubadilishana mawazo. Nikamuuliza, "Mwanangu, tangu umalize chuo mwaka juzi umekuwa ukifanya nini?"

"Nipo tu, mama. Nasubiri."

Hakuwa yupo tu. Nilipomchimba ikatoka kwamba kwao ni Urambo, na misimu miwili ya tumbaku amekuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kijijini kwao. Siku ya soko robota linapandishwa kwenye mizani, anasoma uzito kwa sauti ili mwenye mali asikie, anaandika kwenye daftari, anaandika na daraja alilotaja mteuzi wa tumbaku, robota linashuka, linapanda jingine. Vumbi la tumbaku linawasha kooni. Nyuma ya bega lake amesimama mzee ambaye ada za watoto wake zote zimo ndani ya robota lile. Ukikosea kilo mbili, jioni wazee wako mlangoni kwenu. Misimu miwili, na hakuna mzee aliyewahi kumfuata nyumbani.

"Mbona hukuandika hayo?"

"Niliandika, nikafuta. Mama, ile si kazi. Ni kibarua tu."

Nusura nimrudishie flashi yake kwa kuirusha. Amesomea ununuzi na ugavi, amepima na kuandika mali za watu misimu miwili, halafu anafuta mstari huo na kubakiza kwamba anapenda mpira!

Wala hayuko peke yake. Nina binti wa Sikonge ambaye huchuja asali ya baba yake, huifungasha na kuipakia kwenye basi mpaka kwa wateja wake Dar es Salaam. Kwenye wasifu ameandika hana uzoefu. Nina mwendesha bodaboda mwenye stashahada ya uhasibu, mweka hazina wa kikundi chao cha kijiweni, anayeshika fedha za wanaume ambao hawacheki na mtu kwenye hesabu. Naye kafuta. Chuoni wamefundishwa kwamba kazi ni ile yenye kiti, na hilo nawalaumu wakufunzi kuliko vijana.

Aibu hii inanishangaza zaidi kwa kuwa tunaionea hapa, katika mji ambao vibarua ndio waliouweka kwenye ramani. Kabla reli haijafika mwaka 1912, pembe za ndovu zilizotoka upande wa Ujiji kwenda Bagamoyo zilipita Tabora juu ya mabega ya watu, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko wote. Upagazi ulikuwa na mapatano yake, ujira wake na posho yake. Wengi waliondoka baada ya mavuno na kurudi mvua zikikaribia, jembe likiwasubiri. Walikwenda pwani kutafuta, lakini shamba hawakulitupa. Nikimwona leo kijana anayeacha kila kitu akae ndani na simu akingoja tangazo la ajira, nawakumbuka wale.

Mpagazi hakuajiriwa kwa cheti. Aliajiriwa kwa sababu yuko mtu aliyemwona njiani. Chukua habari za Chuma na Susi, wale waliobeba mwili wa Livingstone mwaka 1873 kutoka kijijini kwa Chitambo, wakapitia hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilituma msafara kwenda kwenye maziwa, na aliyepewa kuwasimamia wapagazi alikuwa Chuma. Mkubwa wa msafara alifariki mapema njiani, uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 aliyetoka kumaliza masomo Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huyo ndiye mhitimu wetu asiye na uzoefu! Alirudi salama, na sehemu kubwa ya usalama huo ilikuwa Chuma. Safari ya nyuma ndiyo iliyomtafutia Chuma iliyofuata, na hakuna aliyemshauri aifute.

Hapa nakuja kwenye wadhamini, kitu ambacho vijana hukijaza mwisho, wamechoka, wanataka kuondoka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na vijana huandika mchungaji au shehe, mjomba, na mtu yeyote mwenye cheo. Nami niliwahi kushiriki kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilimshauri binti mmoja amwandike mkubwa fulani wa mjini, nikidhani jina litambeba. Taasisi aliyoomba ikapiga simu. Mkubwa akajibu kwa upole kwamba hamkumbuki. Binti hakunilaumu, ila mimi bado najilaumu. Angemwandika mama lishe aliyemwajiri kusimamia hesabu zake wakati wa likizo, yule mama angemweleza mpaka simu iishiwe salio.

Vijana wananiambia, "Mama, ajira ni konekisheni." Nakubali, na sitawadanganya kwamba nafasi zinatosha; mimi mwenyewe naona idadi ya wanaotuma na idadi ya wanaorudi na habari njema. Lakini mjomba si konekisheni pekee. Katibu wa chama cha msingi aliyekuona kwenye mizani ni konekisheni. Mwombe kabla ya kuliandika jina lake, hakikisha simu yake inapatikana, mkumbushe ulifanya nini na lini.

Mengine ni madogo. Sahihi kwenye barua usisahau. Hati ya matokeo ya muda si cheti, wataikataa. Anayekuomba hela ya fomu ili akupe kazi ni tapeli, hata kama tangazo lake lina nembo ya taifa.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja, tukaandika upya: karani wa mizani, misimu miwili, kupima na kuandika uzito na daraja la tumbaku mbele ya wakulima na wanunuzi. Mdhamini wa kwanza, katibu wa chama. Mpira tukauondoa. Alilipia kopi tatu, kuchapa sikumdai.

Ombi alilituma jioni ileile, pale dukani. Mpaka naandika haya hajajibiwa. Jana alinipigia simu, nikasikia nyuma yake mtu anataja kilo kwa sauti, akaniambia atanitafuta baadaye, robota liko kwenye mizani.