Siri ya ukaguzi ni siri ya nani?

Kila mwishoni mwa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais taarifa zake. Wiki chache baadaye taarifa hizo hufika bungeni, magazeti hutaja mabilioni, nasi hushtuka kwa siku kumi hivi. Lakini mkulima wa kahawa wa kata ya Kanoni, anayekatwa ushuru na kuchangia ujenzi wa darasa, ameambiwa nini kuhusu hesabu za halmashauri yake?

Watetezi wa usiri husema ukaguzi una mambo nyeti. Nakubali, kwa kiasi. Mkaguzi akiwa bado kazini, anayehojiwa hastahili kuhukumiwa mitaani kabla hajajibu hoja, na aliyetoa siri ya wizi lazima alindwe. Ndiyo maana ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Usiri wa namna hiyo una mwisho. Ukaguzi ukifungwa, nao ufunguliwe.

Katiba yenyewe haikuiacha taarifa mikononi mwa mtu mmoja. Ibara ya 143 inataka iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao cha kwanza baada ya Rais kuipokea. Rais asipochukua hatua, Mkaguzi Mkuu humpelekea Spika mwenyewe. Walioandika hivyo walijua kwamba kabati la mtawala lina kufuli.

Na tumeona gharama ya kusema wazi. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad kwa sababu ya neno “udhaifu”. Novemba mwaka huohuo nafasi yake ikapewa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Wakati huo kiti kilikuwa kimekaliwa miaka mitatu. Tulibishana juu ya neno, hoja za ukaguzi zikasahauliwa.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa iko chini zaidi. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri hukagua ofisi ya Mkurugenzi, kisha hupeleka taarifa kwa Mkurugenzi huyohuyo. (Watumishi wenzangu wa umma wanajua kinachoweza kumpata mkaguzi mkaidi: uhamisho, au gari lisilopatikana siku ya safari.) Taarifa hizo huzikuti kwenye mbao za matangazo.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Wanafunzi wangu wa Karagwe na Kyerwa, likizo hii andikeni maombi. Ombeni hoja za ukaguzi za halmashauri zenu na majibu yaliyotolewa. Mkikataliwa, dai sababu kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri.