Raketi Haikuubomoa Ukuta wa Makaburu

Wapo watu ambao kila linapozuka suala la michezo na siasa hukimbilia kusema kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Mchezaji acheze, husema, na mwanasiasa afanye siasa. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini historia imekwisha kuikanusha. Mfano mmoja ulio wazi ni mashindano ya tenisi ya Afrika Kusini yaliyofanyika katika viwanja vya Ellis Park, Johannesburg, mwezi Novemba 1973.

Arthur Ashe, Mmarekani Mweusi aliyetwaa ubingwa wa wanaume wa Marekani mwaka 1968, alikuwa amenyimwa viza na Makaburu hapo awali. Mwaka 1973 wakamfungulia mlango. Ashe aliweka masharti, miongoni mwao kwamba hatacheza mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi zao. Masharti yakaafikiwa. Katika mchezo wa mmoja mmoja alifika fainali, akashindwa na Mmarekani mwenzake, Jimmy Connors, kwa seti tatu mfululizo. Katika mchezo wa wawili wawili, yeye na Tom Okker wa Uholanzi walitwaa ubingwa.

Haifai kumbeza Ashe. Alikwenda kwa nia njema, akiamini kwamba Mweusi akionekana anashindana na Mzungu sawa kwa sawa, uongo wa ubaguzi utafichuka. Na kweli, wapo vijana wa vitongoji vya Waafrika, kama Mark Mathabane wa Alexandra, waliomwona wakapata moyo. Jambo hilo si dogo.

Hata hivyo, swali la msingi ni hili: baada ya mpira wa mwisho kupigwa, nani aliondoka na faida? Mtazamaji Mwafrika alirudi kitongojini akiwa na kitambulisho chake cha kupitia mfukoni, na asingekuwa nacho angelala rumande. Makaburu walibaki na picha ya kuionyesha dunia kwamba mambo yanabadilika. Miaka mitatu haikutimia, tarehe 16 Juni 1976, polisi wao wakawamiminia risasi wanafunzi wa Soweto. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yamebadilika.

Wananchi wa Afrika Kusini wenyewe hawakuficha walichokihitaji. Akina Dennis Brutus, mshairi aliyefungwa Robben Island, walikuwa wakidai kwamba Makaburu watengwe kabisa katika michezo. Wapo waliowasikia. Mwaka 1974, timu ya India ilifika fainali ya Kombe la Davis, ikagoma kucheza na Afrika Kusini. Makaburu walipewa kombe bila kupiga mpira hata mmoja, na India haijalipata kombe hilo hadi leo. Mwaka 1976, Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kwa Makaburu. Tanzania wakati huo ilikuwa na Filbert Bayi, mshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500. Nchi maskini iliweka rehani medali yake kwa ajili ya utu wa jirani.

Jambo linalompa Ashe heshima ya kudumu ni kwamba alikubali kujifunza. Bingwa huyo, aliyemshinda Connors huyo huyo katika fainali ya Wimbledon mwaka 1975, baadaye aliiunga mkono njia ya kususia. Mwaka 1983 alishirikiana na Harry Belafonte kuanzisha umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi huo, na mwaka 1985 alikamatwa katika maandamano mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Alifariki mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya Waafrika wote wa nchi ile kupiga kura.

Mwalimu anayefundisha historia, na mtumishi anayeketi mezani kuamua timu ipi iende wapi, hawana budi kulikumbuka somo hili. Uwanja wa michezo una mwenyewe, na mwenye uwanja ana shabaha yake. Kabla ya kuuliza nani atashinda, yafaa kwanza kuwauliza wanaoonewa nje ya uwanja kama wanataka mchezo huo uchezwe.