Sungura Hafundishwi kwa Fimbo

Watoto wengi hupenda kufuga sungura. Mtoto wa Uvira akinunuliwa sungura sokoni, siku ya kwanza ni furaha tupu. Siku ya tano hunung'unika: "Sungura huyu ni mjinga. Nikimwita haji, nikimshika ananipiga teke." Kisha huchukua fimbo. Hapo mwenye kosa ni mtoto, si sungura.

Katika hadithi za wazee sungura ni mjanja, humdanganya fisi na simba. Lakini sungura wa hadithi ni yule wa porini. Sungura wa nyumbani ni wa aina nyingine, na asili yake ni Ulaya. Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Mtoto wa sungura wa nyumbani huzaliwa uchi, haoni, na macho yake hufunguka baada ya siku 10 hivi. Hata akiwa mkubwa ni mwoga, na kinga yake ni kukimbia. Akipigwa fimbo hajifunzi kutii. Hujifunza kuuogopa mkono wa mtu.

Basi, yafaa afundishwe namna hii. Siku za kwanza mtoto akae kimya karibu na kizimba, asimguse. Kisha amnyoshee jani la matembele, na kila mara aite jina lile lile kwa sauti ndogo. Sungura akizoea atakula mkononi, na mwisho atakuja akisikia jina lake tu. Tena sungura hupenda kukojoa katika pembe moja. Mtoto mwenye akili huitazama pembe hiyo, akaweka hapo karai kuukuu lenye majani makavu, na kizimba hubaki safi.

Watu wengi humwinua sungura kwa masikio. Desturi hiyo ni mbaya, ingawa ni ya siku nyingi. Ashikwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya matako. Miguu ya nyuma ikining'inia, hupiga mateke kwa nguvu hata aweza kuvunja uti wake wa mgongo.

Uvira ni mji wa joto, nao umebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Sungura hatoki jasho kama mtu. Hupunguza joto kwa masikio yake. Kizimba cha mabati kilichowekwa juani chaweza kumwua kwa mchana mmoja. Mahali pake ni chini ya mwembe, juu ya miti, ili mbwa na maji ya mvua visimfikie. Kisiwekwe kando ya mto. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba za watu, sembuse kizimba. Sungura apewe maji safi kila siku, na majani yaliyonyauka kidogo, yasiyo na umande. Sombe mbichi ina sumu, asipewe. Awe na kijiti cha kuguguna, maana meno yake hayaachi kukua.

Wako wasemao: "Sungura ni nyama. Atauzwa tupate fedha za daftari, au ataliwa sikukuu. Ya nini kumfundisha?" Ni kweli, watu wengi hufuga ili wapate chakula na fedha, wala si aibu. Lakini jike mwenye hofu aweza kuwaacha watoto wake wafe, hata kuwaua. Aliyezoea mkono wa mtu huwalea kwa utulivu. Tena mnyama atakayeliwa na watu anastahili kuishi kwa amani siku zake zote.

Wazazi nao wana wajibu. Kama sungura ni wa kuuzwa au kuliwa, mtoto aambiwe siku ile ile anapopewa. Kumpa rafiki, kisha kumchinja rafiki huyo kwa siri mtoto akiwa shuleni, ni kumfundisha mtoto kwamba maneno ya wakubwa hayaaminiki.

Wazee husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sungura naye ni vivyo hivyo. Mtoto asiyeweza kukata majani kila siku, hata Jumapili, hata siku ya mvua, asiombe sungura mwaka huu. Na angoje mpaka aweze.