Kesi ya kazi huamuliwa mapema

Mfanyakazi wa kiwanda cha alizeti Singida akiachishwa kazi, ana siku 30 kuufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiporidhika na tuzo, yaani uamuzi wa Tume, ana siku 42 za kuomba marejeo Mahakama Kuu. Hapo ndipo wengi hujikwaa, wakidhani kesi inaanza upya. Jaji haiti mashahidi tena; anapima kumbukumbu za Tume, akitazama kama mwamuzi alikiuka maadili, au kama tuzo ni kinyume cha sheria au haina mantiki. Mahakama ya Rufani nayo hupokea hoja za kisheria tu.

Wapo wanaosema mlango huu ni mwembamba mno kwa mnyonge. Hoja ina uzito, hasa wilayani Iramba au Manyoni, ambako gharama ya wakili si ya kila mtu. Lakini kufungua ushahidi upya kila ngazi kungemnufaisha zaidi mwajiri mwenye mfuko wa kungoja. Tena sheria ya ajira ya mwaka 2004 imemtwika mwajiri, si mfanyakazi, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Kinga hiyo hudhoofika pale barua, mkataba na hati za mishahara zisipoingia kwenye kumbukumbu tangu mwanzo. Kisichopokelewa kuwa kielelezo, jaji hana pa kukionea. Vyama vya wafanyakazi Singida, ambavyo ada yake hukatwa kwenye mishahara, vimsindikize mwanachama siku ya kwanza mbele ya Tume, visingoje rufaa.