Pembe ya Baruti: Jua la Kusema Kabla ya Kuchora

Ng'ombe akichinjwa mjini nyama huliwa, ngozi huuzwa, na pembe aghalabu huishia jalalani. Wazee wetu hawakuitupa. Waliifanya chombo cha ugoro, wakapigia chuku, wakaipuliza iwe mbiu ya kuwaita watu. Naye mwindaji mwenye gobori, bunduki ile ya kushindilia kwa mdeki, alihifadhi humo baruti yake.

Hakuichagua pembe kwa bahati tu. Pembe ni nyepesi, haipitishi maji, haipasuki upesi ikianguka, wala haitoi cheche ikigongwa kama kitoavyo chuma. Ikikwanguliwa hadi ikawa nyembamba, mwenyewe huweza kuielekeza kwenye mwanga na kuona baruti iliyobaki.

Siku hizi pembe hiyo hutengenezwa zaidi kuwa pambo la ukutani, na hapo ndipo penye neno. Tukichora simba na mnazi kwa sababu tu ndivyo vinavyouzwa, pambo letu litakuwa bubu. Wamarekani wa karne ya 18 walichora katika pembe zao za baruti jina la mwenyewe, mwaka, mito na ngome alizopitia. Kwa hiyo makumbusho yao yanazitunza hadi leo, maana zinasema ni za nani, za wapi na za lini.

Je, sisi tuna la kuchora? Tutazame Maposeni, karibu na Peramiho, katika Songea. Hapo palikuwa makao ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Wangoni walikuwa watu wa ng'ombe, na ngao zao zilikuwa za ngozi ya ng'ombe. Bunduki na baruti ziliingia Ungoni kwa misafara ya Kilwa, iliyotafuta pembe za ndovu na watumwa. Hata hivyo, Vita vya Maji Maji vilipowafikia mwaka 1905, wengi walikabili risasi za Wajerumani kwa mikuki na ngao. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa walinyongwa mjini Songea, na Nkosi Mputa ni miongoni mwa watawala waliouawa kwa kitanzi. Kijana wa Maposeni ashikaye pembe ya ng'ombe basi hakosi habari. Anayo ngao, anao mkuki, anayo milima ya Matogoro, na anao mto Ruvuma uanziao huko, ambao waweza kuchorwa ukizunguka pembe toka kitakoni hadi ncha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tafuta pembe ya ng'ombe machinjioni, nyeupe ikiwezekana, kwa kuwa michoro huonekana vizuri zaidi. Pembe za nyati, pofu na wanyama wengine wa porini ni nyara za Serikali. Usiziguse bila kibali. Ichemshe nje ya nyumba katika sufuria kuukuu mpaka mfupa wa ndani ulegee, kisha uuchomoe. Usiibabue kwa moto, itapasuka. Ingiza waya ndani kupima uwazi unaishia wapi, ukate ncha mbele ya hapo, na utoboe tundu jembamba la kumiminia. Kitako hufungwa kwa kipande cha mti: lainisha mdomo wa pembe kwa maji ya moto, ubane mti ndani, nayo ikipoa itaushika. Kaza kwa vijiti vidogo. Kisha ikwangue kwa kipande cha kioo, uisugue kwa msasa, ukiwa umeziba pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Mchoro uanze katika karatasi. Izungushe karatasi kwenye pembe, uikate ikae sawasawa, ndipo upange picha zako. Picha kubwa zikae karibu na kitako, ndogo zielekee ncha. Upande unaogusa mwili ukivaliwa uache mtupu, kwa sababu utasuguliwa na kufutika. Hamisha mchoro kwa penseli, uanze na mistari ya mipaka.

Chombo cha kuchorea ni sindano nene iliyonolewa na kutiwa mpini. Laza pembe juu ya mfuko wa mchanga isiteleze. Pitisha sindano kidogo kidogo mara nyingi. Mkwaruzo mmoja wa nguvu huponyoka na kuharibu kazi ya siku nzima. Jizoeze kwanza katika ile ncha uliyoikata. Ukimaliza, changanya masizi na mafuta, paka, kisha futa. Weusi utabaki ndani ya mistari.

Kuna onyo moja kwa wenye wazazi vijijini. Ukikuta pembe ya zamani darini mwa babu, usiichemshe, usiitoboe, wala usiisogeze karibu na moto au sigara. Baruti kavu haifi kwa uzee. Miaka mingi baadaye bado yaweza kuwaka. Ukiona unga mweusi, iache pale pale, ondoa watoto, uite polisi. Na hata ikiwa tupu, usiongeze michoro yako juu yake, wala usimuuzie mpita njia. Mikwaruzo ile iliyochakaa ndiyo mwandiko wa aliyeibeba.

Kwa hiyo kabla ya kunoa sindano, nenda ukamuulize mzee wako: ukoo wetu ulitoka wapi, ulivuka mto gani, nani aliwinda, nani hakurudi vitani? Majibu hayo ndiyo mchoro wako. Na kitakoni uandike jina lako, kijiji chako na mwaka, ili wajukuu wasije wakaishika pembe hiyo na kuulizana ilikuwa ya nani.