Msitufunikie Vifo kwa Utukufu wa Mungu

Kuna sentensi moja ambayo ningependa wahubiri wetu waache kuitamka makaburini kwa miaka kumi hivi, hadi tutakapojifunza upya maana yake. Ni ile isemayo kwamba Mungu ameruhusu jambo hili ili ajitwalie utukufu. Nimeisikia juu ya jeneza la kijana aliyegongwa na matatu isiyokuwa na breki. Nimeisikia juu ya watoto waliosombwa na mafuriko katika mtaa uliojengwa kwenye mkondo wa mto. Kila mara waombolezaji huitikia amina, na kila mara mwenye matatu na aliyetoa kibali cha ujenzi hurudi nyumbani wakiwa wamesamehewa bila kuombwa hata toba.

Mnielewe vizuri. Mimi ni Mkristo, na ninaamini kwamba ulimwengu uliumbwa kwa utukufu wa Mungu. Sipingi fundisho hilo. Ninalolipinga ni kulitumia kama shuka la kufunikia maiti ambazo zingepaswa kuchunguzwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiebrania cha Agano la Kale huuita utukufu kavod, neno linalotokana na mzizi wenye maana ya uzito. Mswahili halioni hilo kuwa geni, kwa maana naye husema fulani ni mtu mzito. Utukufu wa Mungu, basi, ni uzito wake: kwamba yupo kweli, na mbele yake mambo mengine yote hupimwa.

Lakini kwa Mkenya neno hili lina historia nyingine. Kuanzia 1978 hadi 2002 tulikuwa na Mtukufu Rais. Wazazi wetu wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ilivyofunguliwa kwa jina lake, alikokwenda na alichosema, hata kama siku hiyo hakufanya lolote la maana. Picha yake ilitundikwa madukani. Kwaya zilimtungia nyimbo. Utukufu wa namna hiyo hudaiwa kutoka chini, na kadiri mambo yanavyoharibika ndivyo sifa zinavyozidi kuhitajika. Nashuku kwamba Daniel arap Moi alipoondoka Ikulu, makanisa mengi yalimkalisha Mungu katika kiti hichohicho. Tunamhubiri Mungu mwenye njaa ya kusifiwa, ambaye hata mtoto akifa, jambo la kwanza ni kuhakikisha heshima yake haijaguswa.

Huyo si Mungu wa fundisho hili. Katekisimu Fupi ya Westminster ya 1647, iliyowalea Waskoti waliokuja kuanzisha misheni za Kikuyu na Tumutumu, huanza kwa kuuliza kusudi kuu la mwanadamu ni nini. Jibu lake lina vitenzi viwili: kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Linazungumzia kusudi moja tu, kana kwamba huwezi kuvitenganisha. Wahubiri wetu wamehifadhi kitenzi cha kwanza na kukipoteza cha pili. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, alikuwa amekwisha kuutambua utukufu wa Mungu katika mwanadamu aliye hai, na uhai wa mwanadamu katika kumwona Mungu. Hakuutafuta katika maiti.

Hata Jonathan Edwards, ambaye pengine ndiye Mprotestanti aliyeandika kwa kina zaidi kuhusu jambo hili, alishikilia kwamba Mungu kuutafuta utukufu wake na kuutafuta wema wa viumbe wake si makusudi mawili yanayogombana. Kitabu chake kuhusu kusudi la Mungu kuumba ulimwengu kilichapishwa 1765, miaka saba baada ya kifo chake. Alikufa kutokana na chanjo ya ndui aliyokubali kupewa kwa hiari. Mtu aliyeamini kwamba kila kitu kipo kwa utukufu wa Mungu hakuona kwamba ndui iachwe iendelee na kazi yake.

Sasa nitaje binamu yangu. Alifariki akijifungua mtoto wake wa pili. Alianza kuvuja damu saa tisa usiku. Hospitali haikuwa na damu ya kundi lake, na ambulensi ya kumpeleka kwingine haikuwa na mafuta. Mumewe alizunguka mjini gizani akitafuta gari la kukodi. Kila aliyekuja matangani aliyajua hayo. Mhubiri akafungua Yohana 11, akasoma aya ya nne, ambapo Yesu anasema ugonjwa wa Lazaro ni kwa utukufu wa Mungu. Akamwambia shangazi, "Mama, usilie kama watu wasio na tumaini." Kisha akafunga Biblia.

Angeisoma sura hiyo hadi mwisho. Yesu huyohuyo aliyetaja utukufu anafika kaburini, anafadhaika na kulia. Hamwambii Mariamu anyamaze. Anawaagiza watu waliondoe jiwe, na Martha anapinga kwa sababu ya harufu. Lazaro anatoka, na watu wanaagizwa wamfungue sanda. Utukufu ulioahidiwa katika aya ya nne ni huo: mtu aliyekufa anatembea, na majirani wametumia mikono yao. Sisi tunaisoma ahadi, tunaliacha jiwe mahali pake, halafu tunasema imetimia.

Hali ni hiyohiyo katika Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza nani alitenda dhambi. Yesu anasema ni ili kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, kisha anatengeneza tope na kumponya. Katika injili hiyo hakuna mgonjwa anayeambiwa kwamba Mungu atatukuzwa kwa yeye kubaki mgonjwa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa Yohana huuita msalaba wenyewe kutukuzwa. Nitaambiwa Petro alielezwa kwamba angemtukuza Mungu kwa kifo chake, na kwamba mwiba wa Paulo haukuondolewa. Ni kweli yote. Lakini tazama nani anasema na anamsemea nani. Yesu anauzungumzia msalaba wake mwenyewe. Petro anaambiwa yeye, akiwa hai, na kuitwa afuate. Paulo anaomba mara tatu aondolewe mwiba kabla ya kuukubali. Anayeteseka akisema, "Mungu ametukuzwa katika maumivu yangu," huo ni ushuhuda, nami nitavua kofia. Asiyeteseka akimsemea hivyo marehemu asiyeweza kujibu, anamdhulumu mara ya pili.

Tena, kuamini kwamba Mungu anatawala yote hakumwondolei mtu hatia. Siku ya Pentekoste Petro alisema katika hotuba moja kwamba Yesu alitolewa kwa mpango wa Mungu, na kwamba waliokuwa wakimsikiliza ndio waliomuua. Mhubiri wa leo huchukua nusu ya kwanza ya hotuba hiyo, kwa kuwa nusu ya pili ingemlazimu kutaja majina, na pengine mwenye jina ameketi mstari wa mbele na bahasha ya harambee.

Wanaodhani wanailinda heshima ya Mungu kwa kunyamaza wasome mwisho wa kitabu cha Ayubu. Marafiki watatu walikuwa wamemtetea Mungu sura baada ya sura, wakimweleza mfiwa kwa nini kila kitu kiko sawa. Ayubu alikuwa amelalamika, akadai kesi yake isikilizwe. Mungu aliwakasirikia marafiki. Alisema hawakunena yaliyo sawa kumhusu, kama Ayubu alivyonena, na ikabidi mlalamikaji awaombee watetezi.

Basi wahubiri wetu, mkisimama tena kaburini, semeni alichokufa nacho mtu. Semeni alikufa kwa kukosa damu na kwa kukosa mafuta ya gari. Mwacheni mama yake alie. Jumapili inayofuata, kabla ya matangazo ya kamati ya ujenzi, tangazeni siku ya kuchangia damu katika ukumbi wa kanisa, na mteue watu watano waende kaunti kuuliza pesa za mafuta ya ambulensi zilikwenda wapi. Mwanamke mmoja akifikishwa hospitalini usiku wa manane, akajifungua na kurudi nyumbani na mtoto wake, hapo mtuite tuje tuimbe. Mimi nitakuwa wa kwanza kusema Mungu atukuzwe.